Siku Gari Lilipochemsha Njia ya Nyamisati



Wenzangu wengi katika jarida letu wameandika juu ya ziara na mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Mimi nitaandika juu ya mpira wa rejeta, na namna ulivyotukosesha maziko ya babu yangu.

Ilikuwa mwezi wa Juni mwaka 2023. Kabla ya Alfajiri simu ya Mama ililia. Babu, mzaa mama, alikuwa amefariki usiku kule Kiomboni, ndani ya delta ya Rufiji. Wazee walisema maziko ni baada ya Adhuhuri na hayatasogezwa.

Asiyeijua delta nimweleze kidogo. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na katikati yake umeota msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote Tanzania. Sisi kufika kwetu huacha barabara kuu ya Kilwa pale Bungu, kabla ya Kibiti mjini, tukashika njia ya Nyamisati, kisha tukapanda boti. Na boti hufuata maji. Yakijaa, chombo hupita popote. Yakipwa, vijito vingi hubaki tope tupu na mizizi ya mikoko. Nahodha alituambia kwa simu, "Nitawasubiri mpaka saa nne. Baada ya hapo, maji hayatanisubiri mimi."

Mjomba aliazima gari kwa jirani yetu wa Mbagala. Wakati tunapakia mizigo niliona chini ya gari pamelowa. Niliinama nikaona maji yenye rangi ya kijani. Nikajisemea kuwa ni maji ya kiyoyozi, nikaingia ndani. Mama na mama mkubwa walikaa nyuma wakisoma Yasini. Mimi nilikaa mbele pamoja na Mjomba.

Tulipita Vikindu, Mkuranga na Kimanzichana bila tatizo. Karibu na Jaribu Mpakani nikaona mshale wa geji ya joto umepita katikati, unapanda polepole. Nilimtazama Mjomba. Macho yake yalikuwa barabarani na machozi yanamtoka. Mtu aliyefiwa na baba yake utamwambiaje habari za mshale? Nikasema moyoni, yeye ndiye dereva, yeye ni mkubwa, bila shaka ameona. Nikanyamaza, nikidhani hiyo ndiyo adabu.

Tulipoacha barabara kuu pale Bungu, mshale ulishuka ghafla hadi chini kabisa. Nilifurahi. Nikamshukuru Mungu kuwa gari limepoa.

Haikupita muda, tukasikia harufu kama ya sukari inayoungua. Gari likapoteza nguvu, moshi mweupe ukafuka kwenye boneti. Mjomba akazima injini. Ilikuwa saa mbili na nusu, na Nyamisati ulibaki mwendo usiofika saa moja.

Mjomba alichukua kitambaa akataka kufungua kifuniko cha rejeta. Mzee mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli yenye nazi akapaza sauti, "Acha, mwanangu! Utaungua uso!" Tukamwamkia, akaitikia, akatueleza kuwa maji ya ndani yana presha, na kifuniko kikifunguliwa cha moto huruka na kumbabua mtu. Tukangoja karibu nusu saa. Kisha tukamimina dumu zima la maji tuliyobeba kwa ajili ya udhu. Yote yakatokea chini, yakanywewa na mchanga.

Pikipiki ya kwanza kupita tuliituma Bungu kutafuta fundi. Fundi wa Bungu hakuwa na mpira wa kufaa, ikabidi apigiwe mwenzake wa Kibiti. Saa nne ikapita tukiwa chini ya mkorosho. Mama akasema, "Kaka, wewe nenda. Sisi tutabaki na gari." Mjomba alisita. Gari lilikuwa amana ya watu, na dada zake wawili wako porini. Pikipiki nyingine ikaja karibu saa tano, akapanda.

Alifika Nyamisati kabla ya Adhuhuri. Boti ilikuwepo na nahodha alikuwepo, lakini maji yalikwisha kupwa na boti imelala juu ya tope. Mjomba ndiye mtoto wa kiume pekee wa Babu. Ndiye aliyetarajiwa kuingia kaburini kumpokea baba yake. Alikaa gatini, akapigiwa simu kuwa wameshamaliza kufukia.

Fundi wa Kibiti alifika saa saba. Alikuwa kijana asiyenizidi sana umri. Aliufungua mpira wa chini wa rejeta akanionyesha ufa, si mrefu kuliko kidole. Nilimuuliza mbona mshale ulishuka kabla gari halijazimika. Akacheka kidogo, akasema, "Ile geji inapima maji. Maji yakiisha, haina cha kupima. Mshale ukipanda halafu ukashuka ghafla, usifurahi. Simama."

Akanifundisha na mengine. Maji ya kiyoyozi ni maji matupu, lakini maji ya rejeta yaliyotiwa dawa huwa na rangi na utelezi, ukiyagusa utajua. Injini ya moto haimiminiwi maji baridi kwa pupa, chuma kinaweza kupasuka. Alipofunga mpira mpya alijaza maji taratibu, akawasha gari kifuniko kikiwa wazi, akatazama kama mapovu yanatoka bila kukoma. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, alisema, ujue maji yameingia na gasketi imekwisha. Yetu ilikuwa salama. "Mmezima mapema. Mngelazimisha mpaka Nyamisati, injini mngeizika." Neno hilo lilinichoma, ingawa yeye hakujua tunakwenda wapi.

Tulifika Nyamisati wakati wa Alasiri. Mjomba alikuwa bado pale pale gatini. Wakati tunangoja maji yarudi, nahodha alitusimulia habari ambayo watu wa delta wanaijua. Mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Unguja, tarehe 20 Septemba. Baada ya hapo mashine yake ikaharibika. Ikarudi kujificha humu kwenye mikoko, na vyuma vilivyoharibika vikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, vikatengenezwa na kurudishwa. Waliovivuta na kuvibeba walikuwa Waafrika. Lakini tarehe 30 Oktoba Waingereza waliigundua, wakaziba njia za kutokea. Haikutoka tena. Ilipigwa Julai 1915, na tarehe 11 ya mwezi huo mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Nahodha akasema, "Meli yenye mizinga kumi, chuma cha mashine ndicho kilichoiweka ndani."

Magharibi tuliswali pale, kisha tukaondoka na maji. Giza lilikuwa limeingia baina ya mikoko na hakuna aliyezungumza. Mimi sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Mjomba, nisamehe. Mimi niliuona mshale unapanda. Na maji chini ya gari niliyaona tangu nyumbani. Sikusema."

Alikaa kimya mpaka nikajuta kusema. Kisha akajibu, "Hata mimi niliuona, mwanangu. Nikasema tutafika tu."

Usiku ule tulikwenda moja kwa moja makaburini na taa ya simu. Mjomba aliinama akaweka mkono juu ya udongo mbichi. Sitasahau.

Ndugu zangu wanafunzi, nimelifikiria sana jambo hili. Kama ningesema pale Jaribu Mpakani, labda Mjomba angesimama, tukaongeza maji, tukafika. Labda tusingefika pia, Mungu ndiye ajuaye. Lakini mtoto anaweza kumwambia mkubwa, "Samahani Mjomba, naona mshale umepanda," na hapo hajamvunjia heshima. Nilichokiita adabu kilikuwa woga wangu. Na wewe utakayekuwa dereva siku moja, ukiambiwa na mdogo wako, usikasirike. Huenda umekwisha kuona, lakini unahitaji mtu wa pili aseme ndipo usimame.

Siku hizi kabla ya safari yoyote mimi ndiye ninayeinama kutazama chini ya gari. Mjomba hunisubiri mpaka nimalize, kisha huniuliza, "Pakavu?" Nikisema pakavu, tunaondoka.

Mwenyezi Mungu amrehemu Babu na marehemu wetu wote. Amin.