Damu Kwenye Mswaki

Je, umepiga mswaki leo asubuhi? Ulipotema mate, uliona damu? Kama uliiona, usiogope, lakini usiidharau. Damu hiyo ni habari. Inakuambia kwamba ndani ya fizi zako kuna vita. Nataka nikueleze ni vita ya nani na nani, na wewe ufanye nini ili iishe.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima hapa wilayani Rungwe. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya vijiji, Kiwira, Katumba, hata Masoko. Mimi si mganga. Lakini jambo hili linanihusu. Baba yangu amebakiwa na meno sita. Mengine yalilegea, yakacheza, yakang'oka moja baada ya jingine. Mengi yalitoka yakiwa mazima, hayana hata tundu. Sasa hawezi kutafuna hindi la kuchoma. Hata ndizi lazima tumpondee. Nami nina miaka 36. Kwa hiyo nilitaka kujua: jino zima linang'okaje lenyewe?

Darasani nilisikia majibu mengi. Wengi walisema ni uzee tu. Mama mmoja akasema, "Mwalimu, mimi nikipiga mswaki damu inatoka. Nimeacha kwanza, ili fizi zipone."

Nikamwambia, "Pole, mama. Lakini ukiacha, ugonjwa unazidi."

Wote wakauliza, "Kwa nini?" Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kabla ya kupiga mswaki, pitisha ukucha kwenye jino, pale linapokutana na ufizi. Utapata utando laini, mweupe au wa njano. Huo ni ukoga. Ukoga si mabaki ya chakula tu. Ni makazi ya vijidudu vingi mno, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Ukoga ukikaa siku nyingi, huchanganyika na chumvi zilizomo katika mate, ukawa mgumu kama jiwe. Hapo huitwa ugaga.

Vijidudu hivyo hutoa sumu inayouchoma ufizi. Mwili haukubali. Mwili una askari wake, nao ni chembe nyeupe za damu. Mishipa ya damu hutanuka ili askari wapite haraka. Ndiyo maana ufizi huwa mwekundu, ukavimba, na ukiguswa kidogo tu hutoka damu. Askari wa kwanza wakifika humeza vijidudu na kuviua. Tena humwaga dawa kali za kuviyeyusha. Wengi wao hufa vitani. Usaha unaouona kwenye ufizi mgonjwa una maiti za askari hao kwa wingi. Nyuma yao huja askari wengine. Wapo wanaomeza mabaki, na wapo wanaotengeneza silaha za kumkamata adui.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo meno yanapopotea. Nguruwe mwitu wakiingia katika shamba la mahindi, wanakijiji hukimbilia huko na marungu. Nguruwe hufukuzwa, lakini mahindi nayo hukanyagwa. Ikiwa ni usiku mmoja, shamba litapona. Je, nguruwe wakija kila usiku kwa miaka kumi? Walinzi wenyewe watalimaliza shamba kwa miguu yao.

Ndivyo ilivyo katika ufizi. Ukoga ukibaki, vita haiishi. Zile dawa kali za askari huanza kula nyama ya ufizi na nyuzi zinazoshika jino. Tena askari hupeleka ujumbe unaoziamsha chembe zinazovunja mfupa. Mfupa wa taya hupungua. Jino hubaki kama nguzo iliyoondolewa udongo. Jino lenyewe ni zima, lakini halina cha kulishika.

Je, vita hii yaweza kusimamishwa? Ndiyo, ikiwa ungali mapema. Mwaka 1965, mtaalamu wa meno Harald Löe na wenzake walitangaza jaribio walilofanya huko Denmark. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno. Baada ya siku 10 hadi 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kupiga mswaki, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Basi mama yule amepata jibu lake. Mswaki hauleti ugonjwa. Mswaki humwondoa adui, na askari wakapumzika.

Labda utauliza, "Mbona jirani yangu hapigi mswaki, na meno yake yote yapo?" Swali hili lilichunguzwa kwa wafanyakazi wa mashamba ya chai, kazi tunayoijua sana hapa Rungwe. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, Löe na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka. Watu hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki. Wote walikuwa na ukoga na fizi zilizovimba. Lakini kati ya kila watu 100, watu 11 ugonjwa haukupita ufizi. Watu 81 uliwala mfupa polepole. Watu 8 uliwala upesi sana, wakapoteza meno wangali watu wazima wenye nguvu.

Ukoga walikuwa nao wote, lakini miili haipigani kwa namna moja. Wengine huzaliwa na askari wakali kupita kiasi. Ugonjwa wa kisukari huzidisha vita. Wajawazito nao fizi zao huvimba upesi. Tumbaku ni mbaya zaidi, kwa kuwa huwadhoofisha askari na pia huficha damu. Mvutaji haoni damu, akadhani ni mzima, kumbe mfupa unaliwa. Usimwige jirani yako basi. Hujui mwili wako uko katika kundi lipi.

Fanya hivi. Piga mswaki mara mbili kwa siku, taratibu, ukifika pale jino linapokutana na ufizi. Tumia mswaki laini, au mswaki wa mti uliotafunwa ncha hadi ikalainika. Kila mtu awe na wake. Ugaga hautoki kwa mswaki. Huondolewa na mganga wa meno kwa vyombo vyake. Damu isipokoma baada ya wiki mbili, au jino likicheza, au ukiona usaha, nenda kituo cha afya, au hospitali ya wilaya ya Makandana hapa Tukuyu. Usingoje maumivu. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi mpaka umekwisha kula mfupa, na mfupa ulioliwa haujirudishi wenyewe.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini ufizi mgonjwa hutoka damu?
2. Askari wa mwili huwezaje kuharibu mfupa wanaoulinda?
3. Nyumbani kwako, ni nani asiye na mswaki wake mwenyewe? Utafanya nini?