Karatasi ya Maabara

Neno "chanya" katika karatasi ya maabara limekuwa kwetu kama hukumu. Mwaka 2019 binti wa dada yangu, aliyekuwa akisomea uuguzi, alipewa majibu ya homa ya ini aina ya B, na kwa neno hilo moja upande wa mchumba wake wakaanza kunong'ona juu ya kudai mahari yao.

Nikaomba karatasi, nikaisoma. Mistari ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulitafuta ganda la kirusi chenyewe: hasi, yaani hana virusi hivyo. Wa pili ulitafuta kingamwili za kiini cha kirusi, ambazo huachwa na maambukizi, si chanjo: hasi pia. Wa tatu ulitafuta kingamwili za lile ganda: chanya, kiwango 240, na 10 tu huhesabiwa kuwa kinga. Kumbe kilichowatisha watu ndicho kilichosema kwamba sindano zake tatu, za miezi sita, zimefanya kazi! Anayetoa karatasi ya namna hii bila maelezo simwelewi.

Tulikwenda kwa wakwe, mimi na mama yake. Mzee akauliza: je, namba hiyo ikishuka? Hushuka kweli miaka ikipita, hata chini ya 10, nikamjibu. Lakini mwili wenye afya uliokwisha kuitikia chanjo humkumbuka adui.

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kijana wake naye akapimwe wapi.