Bolti za Staa Zilivyomlaza Bamdogo Wangu

Wiki iliyopita kuna staa mmoja wa Bongo (jina kapuni, na ukimjua kausha) kaposti Land Rover 109 ya zamani, kaiegemea na miwani yake, lovu kibao. Mtu mmoja kaandika pale chini: "hadi nati zinang'aa, hiyo ndo hela." Nikacheka peke yangu. Hizo nati nimezipaka mimi, huku Kasulu, ndani ya ndoo ya rangi, kwa siki na betri za tochi.

Gari lenyewe tulilitoa Kibondo, uani kwa mzee mmoja dereva mstaafu. Kuku walikuwa wanatagia kwenye siti. Land Rover za zamani bodi ni aluminiamu, haili kutu, na zile kingo za juu zimechovywa zinki kama bati la nyumba. Kinachokufa ni chesisi na bolti. Basi watu wa staa wakalipa likokotwe hadi gereji kwa bamdogo wangu Kasulu, alifungue lote kabla ya kupakiwa kwenye lori kwenda Dar. Sharti moja: bolti zirudi na rangi ileile ya dhahabu ya kiwandani.

Hapo ndo penye ishu. Ile dhahabu si dhahabu. Magari mengi ya Uingereza ya enzi zile, bolti zake zilipakwa kwa umeme ngozi nyembamba ya zinki, au ya kadimiamu, halafu zikachovywa kwenye dawa inayoacha rangi ya njano. Kazi ya ile ngozi ni kuliwa. Kutu inaanza na zinki kwanza, chuma kinapona. Kadimiamu yenyewe ni kiboko ya maji ya chumvi, na nati inafunguka laini hata baada ya miaka. Ukizishika mkononi, ya zinki na ya kadimiamu, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mimi kemia nilipata F kidato cha nne, haya yote nimeyajua nimeshachelewa.

Siku ile mvua ilikuwa inapiga haswa, ile ya Kasulu isiyouliza mtu. Bamdogo akavuta bango la bati mlangoni, akawasha gesi, akaanza kukata bolti zilizogoma. Nilikuwa namshikia tochi mwanzoni, baadaye akanituma dukani. Nikakuta wenye stori zao, nikachelewa kurudi. Mpaka leo nikikumbuka ule uvivu wangu nashukuru na naona aibu kwa pamoja.

Jioni alikuwa fresh, kala ugali na dagaa, katania watu. Saa sita usiku mamdogo ananiamsha: bamdogo anatetemeka, kifua kinabana, anakohoa kama anakata kuni. Kila mtu na dawa yake. Jirani kasema malaria. Fundi mwenzake kaleta maziwa, maana mafundi wa kuchomelea wanaamini maziwa yanasafisha moshi. Nisikilizeni: maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Havikutani.

Mafundi wanaijua homa ya kuchoma mabati. Ni moshi wa zinki, unakutetemesha usiku na baada ya siku moja mbili umeamka. Ya kadimiamu inaanza vilevile, ndo ubaya wake. Unaweza usisikie kitu kwa masaa mengi, kisha mapafu yanajaa maji, na watu wamekufa hivyo. Kadimiamu inayeyuka kwenye nyuzi 321 tu, na ikifika 767 inachemka kuwa mvuke. Mwali wa gesi unapita hapo bila hata kupiga hodi.

Hospitali malaria haikuonekana. Daktari akauliza swali moja: "Mzee, jana ulichoma nini?" Wiki nzima bamdogo alikuwa kwenye oksijeni. Nilikuwa naenda asubuhi, namwambia shikamoo bamdogo, ananyoosha kidole tu. Mtu ambaye "Mwakeye!" yake ilikuwa inasikika stendi nzima.

Watu wa staa walipiga simu mara tatu. Mara zote waliuliza bolti.

Na bili ilikuwa inataka kulipwa, kwa hiyo nikazimaliza mimi. Nilizofungua kwa spana, mafuta ya taa na subira ya siku mbili, nikaweka pembeni. Nikanunua bolti mpya, siki, chumvi ya haluli (ndiyo, ile ya kuharisha) na sukari kidogo. Nikachana magamba ya betri za tochi zilizokufa, yale ni zinki. Gamba upande wa chanya, bolti upande wa hasi, dakika ishirini, inatoka ya kijivu. Ukiisugua na brashi ya waya inang'aa kama shilingi mpya. Njano sikuwapa. Hiyo dawa ya njano ya zamani nayo ni sumu, na mimi nina bamdogo mmoja tu.

Wakataka nichovye na za breki na usukani. Nikagoma. Bolti ngumu ukizipaka hivi, haidrojeni inajipenyeza ndani ya chuma, siku moja inakatika bila taarifa. Viwandani huwa wanazioka masaa kadhaa kwenye nyuzi kama 200. Mimi nina jiko la mkaa.

Bamdogo karudi gereji, ila akipanda kale kamlima ka sokoni anasimama mara mbili, anajifanya anaangalia simu.

Sasa zile bolti za zamani bado ninazo, debe zima. Nilitaka kuzifukia nyuma ya migomba, nikaja kusoma habari za Japan, bonde la mto Jinzu. Kadimiamu ya mgodi ilishuka na mto ikaingia kwenye mpunga, watu mifupa ikawa inavunjika. Ugonjwa wakauita itai-itai, yaani inauma inauma, na serikali yao ilikuja kuutambua rasmi mwaka 1968. Nikaacha jembe.

Mchuuzi wa chuma chakavu anapita kila Jumamosi, anazitaka. Lakini zitaishia kwenye moto wa nani? Debe lipo darini, nimefunga mfuniko kwa waya. Kama kuna mdau anajua wanapopokea vitu hivi, hata kama ni Mwanza au Dar, niachie hapo chini.