Lori Lililosimama Kwenye Kona

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Nyololo na kompyuta kuukuu ya kuazima. Mtoto wa marehemu kaka yangu, mwenye miaka 12, alikuwa na ombi moja: "Baba mdogo, nataka nitengeneze gemu yangu, yenye ramani ya huku kwetu."

Nilianza na kihariri cha ramani cha Warcraft III, kilichokuja pamoja na gemu hiyo mwaka 2002. Humo mambo huenda kwa tukio, sharti na tendo. Mwanafunzi wa mantiki anafurahi mwenyewe: kama hili, basi lile. Mtoto hakufurahi. Menyu zote Kiingereza, tena ramani za vita.

Tukahamia Scratch, iliyotolewa na MIT ya Marekani mwaka 2007. Ni ya bure, ikishapakuliwa haidai intaneti, na Kiswahili imo. Amri ni vipande vya rangi vya kuunganisha, visivyoendana havishikani. Anayeanza, namshauri aanzie hapo.

Alichora barabara ya kwenda Mgololo: ukungu, miti ya paina, lori la magogo. Kaka alifia kwenye barabara hiyo, ndani ya lori la namna hiyo. Tangu mazishi mtoto hakuwahi kulitaja. Siku ya tatu akaniita. Alikuwa ameunganisha: kama lori limegusa kona, simama. Akalirudisha nyuma, akajaribu tena, na tena. Lilisimama kila mara.

"Umeona, baba mdogo?"

Niliona. Tulichelewa rozari jioni ile, na bibi yake hakutugombeza.