Barua ya Baba na Herufi "e"

Wengi huchukia sarufi. Nami niliichukia mpaka iliponifukuzisha shule.

Muhula wa kwanza mzee wangu alikuwa na deni la karo. Kwa vile yeye hakusoma sana, aliniambia, "Wewe ndiye msomi. Andika barua ya Kizungu, mimi nitatia sahihi." Nikaandika kwa mbwembwe: "Wait for two weeks. My son must stay in school."

Mwalimu mkuu aliisoma, akanitazama kutoka utosini hadi viatuni. "Kwani baba yako ananiamuru?"

Sikuwa na jibu. Nilishika njia ya nyumbani nikiwaza, ningekuwa tajiri ningelipa zote leo. Baba aliposikia, aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimemtukana mtu kwa jina lake. Swali hilo liliniuma kuliko kufukuzwa.

Jioni nilimvizia mwalimu wa Kiingereza langoni. Alicheka kidogo, kisha akanieleza kuwa kitenzi cha Kiingereza kina kauli tatu. Ya kwanza huarifu: "He goes." Ya pili huamuru: "Go!" Ya tatu huomba au hutamani: "I ask that he go," wala si "goes". Hata "was" hugeuka: "If I were rich." Kumbe ndiyo ile "ningekuwa" yangu ya njiani!

Nikajaribu tena: "I request that my son is allowed to stay in school." Akakata "is", akaandika "be". Mbona, mwalimu?

"Wewe husema, naomba anaruhusiwa?"

"La, mwalimu. Naomba aruhusiwe."

"Basi ulijua tangu utotoni. Kiswahili hugeuza 'a' ya mwisho ikawa 'e'. Kiingereza nacho hukivua kitenzi mapambo yake."

Kesho yake nilipeleka barua mpya. Nilipewa wiki mbili, na siku ya kumi baba akamaliza deni. Sahihi yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni vitenzi tu.

Wenzangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tena wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hebu litazameni hilo neno "ainame" linavyoishia. Wazee wetu walijua kuomba kabla hatujafunzwa sarufi.