Wanaopanda Kwanza

Babu mzaa mama hakuwa mtu wa Morogoro kwa asili. Alizaliwa Mahenge kabla ya Vita Kuu ya Pili, akaja akiwa kijana kutafuta kazi ya mkonge, enzi mashamba ya Tungi, Pangawe na Kingolwira yakipokea vijana kutoka kila pembe ya Tanganyika. Wenzake walipewa visu vya kukatia. Yeye alipangiwa kufagia makapi kwenye korona, mashine inayoparua jani la mkonge hadi zibaki nyuzi. Korona ilikuwa haikawii kuharibika, na kila ilipofunguliwa kijana wa ufagio alisogea karibu. "Nikaona kumbe ndani hamna jini," alikuwa akitusimulia. "Kuna bolti, beringi na mkanda. Aliyefunga ni mtu, basi na mtu atafungua."

Katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ilianguka, nyuzi za viwandani zikichukua nafasi yake katika masoko ya nje, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Babu alihamia Mji Mpya na sanduku la spana, akaweka benchi chini ya mwembe, njiani kwa watu waendao sokoni. Kibao hakuwa nacho. Watu walimwita Fundi tu, na jina hilo lilibeba kila kitu: baiskeli, taa ya chemli, jiko la mafuta ya taa, kitasa, mwamvuli, redio, cherehani, jembe lililochomoka mpini.

Kilichomtofautisha na mafundi wengine kilitoka mlimani. Alimwoa bibi, Mluguru wa upande wa Luhungo, na kwa Waluguru ukoo hufuata mama: shamba lilikuwa la ukoo wa bibi, watoto wa ukoo wa bibi, nasi tuliozaliwa na mabinti zake vilevile. Wajomba ndio waliokuwa na kauli juu ya watoto, ingawa sare, madaftari na viatu vilitoka kwenye lile benchi, na wajomba walilijua hilo. Babu alikuwa mkwe anayelima kwa wakweze. Kila msimu alipanda mlima na jembe begani, akashuka na mkungu wa ndizi, na njia ile aliijua kwa magoti yake. Alijua kwamba mama aliyeteremka alfajiri na kikapu kichwani lazima aanze kupanda mapema, giza lisije likamkuta kwenye makorongo.

Ndiyo maana benchi lake lilikuwa na foleni mbili. Salamu zikiisha, aliuliza: "Unalala mjini au unapanda?" Kitu cha anayepanda kiliwekwa kulia, na kilishikwa kwanza. Cha mtu wa mjini, hata awe karani wa serikali na redio yake ya Philips, kilikaa kushoto kikisubiri. "Mzee, mimi nimefika kabla ya huyu mama," karani alilalamika. Babu alijibu bila kuinua macho: "Wewe kwako ni hapo Sabasaba, baba. Hata usiku utafika." Wa mjini alilipa shilingi. Wa mlimani alilipa shilingi akiwa nayo, la sivyo magimbi, maharage au ahadi. Ahadi hazikuandikwa popote.

Mimi nilikuwa "mke mdogo", kama wajukuu wote wa kike, na kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa wa kupashia chuma cha kuyeyushia risasi. Hapo ndipo nilipoitazama miaka ya mwanzo ya 1980. Baada ya Vita ya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, spea hazipatikani, sabuni yenyewe ya kupanga foleni. Babu hakupata kuhitajika kama wakati ule. Tairi lililokwisha alilichonga katambuga. Kopo la maziwa likawa kibatari. Mawe ya redio yaliyochoka aliyaanika juani yapate kutufikisha taarifa ya habari ya jioni. Mwaka 1983, serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, watu walikuwa na hofu ya kukutwa na vitu vipya. Kwenye benchi la babu hapakuwa na kipya hata kimoja.

Na mji ule ule ulikuwa na viwanda vya turubai, magunia na ngozi, na kile cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze Ulaya. Soko la Ulaya hakikulipata, na mwaka 1990 kilifungwa. Babu aliwahi kuwa makenika wa zamu ya usiku katika kiwanda kimoja, ili mchana asiliache benchi. Alizisifu zile mashine, kisha akatikisa kichwa: "Kikivunjika kipuli kimoja, inaandikwa barua ng'ambo. Mashine inakaa inangoja posta."

Ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, rais aliyefungulia biashara. Mitumba, tochi za Kichina na ndoo za plastiki zikajaa sokoni. Wanaoililia zamani wangemsikiliza bibi kwanza. Alipopata ndoo yake ya plastiki, ile ya bati aliigeuza ya kuoteshea mchicha. "Umenizibia vizuri miaka yote, baba watoto," alimwambia, "lakini kichwa changu kimechoka kubeba maji na risasi zako." Babu alicheka hadi akakohoa. Hakuwa na kinyongo na vitu vipya. Kilichomshinda ni redio iliyogundishwa pasipo skrubu hata moja. Hiyo aliigeuza huku na huku, akamrudishia mwenyewe.

Mlimani nako kukabadilika. Bodaboda zikaanza kupanda, anayelala mjini na anayerudi Luhungo wakawa hawana tofauti kubwa ya saa, na foleni ya kulia ikapungua hadi babu akaacha kuuliza.

Alifariki mwaka 2023, akiwa amevuka miaka 80. Ndugu zake walikuwa Mahenge, safari ndefu, kwa hiyo waliochimba kaburi wengi walitoka Luhungo. Matanga yakiendelea, wazee kadhaa walimfuata bibi faragha, kila mmoja na noti iliyokunjwa: hii ya mwamvuli, hii ya baiskeli ya marehemu baba. Bibi hakuwa na daftari la kuhakiki. Alipokea, akashukuru.

Ufundi wenyewe haukufa. Binamu yangu ana kibanda cha kutengeneza simu Msamvu, na vilivyogundishwa, vile vilivyomshinda babu, yeye huvipasha moto vikaachia. Ni hodari na ni mwaminifu. Lakini kwake bei ni mbili: ya kuchukua kesho, na ya kuchukua leo. Simlaumu, kodi ya kibanda haingoji. Ila nakumbuka kwamba kwa babu haraka haikuwa na bei. Ilikuwa haki ya mwenye njia ndefu. Sasa inauzwa, na mwenye njia ndefu mara nyingi ndiye asiyeweza kuinunua.