Tundu Katika Moyo wa Asiyezaliwa

Kiswahili kimeutwika moyo mizigo mingi. Mtu hutiwa moyo, huvunjika moyo, hupiga moyo konde, huweka jambo moyoni. Malenga wa pwani wameusemesha moyo, wakaulaumu na kuubembeleza kama jirani akaaye upande wa pili wa ukuta. Katika matumizi yote hayo ni nadra moyo kuwa ile nyama yenye ukubwa wa ngumi. Kwa hiyo daktari amwambiapo mjamzito kwamba moyo wa mwanawe una tundu, maneno hayo humkuta hana kinga.

Ndivyo yalivyomkuta mwanamke mmoja wa Unguja, mimba yake ya kwanza ikiwa ya wiki 22. Alikwenda kupimwa kwa altrasaundi akitaraji kuambiwa mtoto amelalaje. Mpimaji alikuwa akizungumza, kisha akanyamaza, akarudia pale pale mara ya tatu na ya nne. Siku 120, ambazo Waislamu wamefundishwa kuwa ndipo roho hupulizwa, zilikwisha kupita. Aliyekuwa akitazamwa pale alikuwa mtu.

Baada ya siku nne alivuka na mumewe kwenda Dar es Salaam, na daktari wa moyo akawachorea kwenye karatasi. Kasoro hiyo huitwa kwa jina la Fallot, tabibu Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888, na ni mambo manne yaendayo pamoja: tundu katika ukuta utengao vyumba viwili vya chini vya moyo, wembamba wa njia ya damu iendayo mapafuni, mshipa mkuu uliokaa juu ya tundu hilo, na msuli wa kulia unenepao kwa kusukuma kwa nguvu. Zamani wengi wa watoto hao hawakufika utu uzima. Tarehe 29 Novemba 1944, huko Baltimore, Marekani, ulifanywa upasuaji wa kwanza wa kuwaongezea damu mapafuni, na miaka 10 baadaye ukaja wa kulitengeneza tundu lenyewe. Leo wengi wanaotibiwa mapema hukua wakaoa na kuolewa.

Mwanamke yule aliyasikia yote, na alilorudi nalo ni swali moja: nimefanya nini? Alihesabu ndoo alizobeba, dawa alizomeza, ugomvi aliougombana. Jibu la tabibu ni kwamba mara nyingi sababu haijulikani, na kwamba katika watoto 100 wanaozaliwa, kama mmoja huwa na kasoro ya moyo, kubwa au ndogo. Vyumba vinne vya moyo hugawanyika katika miezi miwili ya mwanzo, wakati mama wengi ndio kwanza wanaanza kuchafukwa na roho. Jibu hili humwondolea mama lawama, lakini halimpi wa kumlaumu, na hilo nalo ni zito.

Pwani mimba husitiriwa kwa kuchelea husuda, sembuse kasoro yake. Wawili wale walikubaliana kunyamaza. Wiki tatu zikapita, mpaka mama yake mzazi akamwuliza:

“Mwanangu, mbona umeacha kukata winda?”

Akamweleza. Bibi yule alikaa kimya kitambo, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza:

“Linamuuma?”

“Hapana, mama. Daktari kasema halimuumi.”

“Basi tusimlilie kabla hajalia mwenyewe.”

Bibi hakujua kuwa alisema kweli ya kitabibu. Tumboni mapafu ya mtoto hayafanyi kazi ya kuvuta hewa. Huipata katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Moyo wa kila mtoto aliye tumboni una uwazi baina ya vyumba vyake vya juu, ambao kwa kawaida hujifunga baada ya kuzaliwa. Mtihani wa mtoto huyu ungeanza siku ya kuzaliwa.

Ndipo likaja shauri la pahala. Mimba ya kwanza mwanamke huizalia kwao, akakandwa maji ya moto na kukaa arobaini mikononi mwa mamaye. Daktari alitaka azalie Dar es Salaam, karibu na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Wazee wa upande wa mume walinung’unika. Bibi hakubishana nao. Alifunga sufuria, kanga na winda zilizokwisha kukatwa, akasema kwao kwa mwanawe ni popote atakapokuwa yeye.

Mtoto alizaliwa ng’ambo ile, wa kike, midomo yake ikiwa na rangi ya zambarau. Upasuaji ulikuwa bado, miezi kadhaa mbele. Alilia. Bibi yake, aliyesimama nje ya mlango, aliisikia sauti hiyo, ndipo naye akalia.